Samaki wa Tanga na Perege wa Jipe

(Hotuba iliyosomwa Kwakoa mbele ya wanachama na maofisa, siku ya kuadhimisha miaka kumi ya Umoja wetu)



Nashukuru kwa heshima niliyopewa ya kusema nanyi katika siku hii ambayo Umoja wetu unatimiza miaka kumi. Wenzangu walionitangulia wamesema habari za hesabu, za maghala na za bei ya mazao, nao wamesema vema. Mimi nimeagizwa niseme habari ya samaki. Najua wako watakaocheka kimoyomoyo na kuuliza, "Samaki wa baharini atufaa nini sisi, watu wa milima na tambarare, ambao mali yetu ni mahindi, maharage na mifugo?" Nawaomba mnivumilie. Mbele ya mkutano huu limeletwa shauri la kununua vifaranga vya samaki kutoka mbali na kuvitia katika maji yetu ya upande wa Ziwa Jipe. Shauri hilo lina wema ndani yake, wala sisimami hapa kulipinga lote. Lakini kabla hatujatoa fedha ya wanachama, yafaa tujue jambo moja: samaki waonekanao kuwa sawa si lazima wawe wa mbari moja; na mbari moja ikiisha, jirani yake hawezi kila mara kuja kujaza pengo lake.

Nianze na maji, maana maji ndiyo yatuunganishayo na bahari. Mvua inyeshayo juu ya milima yetu ya Upare wa Kaskazini, upande huu wa mashariki, hushuka kwa vijito mpaka Jipe, na huko hukutana na maji ya mto Lumi yatokayo Kilimanjaro. Kutoka Jipe hutoka mto Ruvu, nao huingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu lililojengwa miaka ya 1960. Toka hapo maji huitwa Pangani, nayo huenda zake kupitia Korogwe na Hale mpaka yafike katika Bahari ya Hindi, kusini ya mji wa Tanga. Basi udongo uliochukuliwa na mvua katika shamba la mmoja wetu waweza kuonwa na mvuvi wa Pangani ambaye hajapata kuliona shamba hilo.

Katika bahari hiyo, kaskazini ya mlango wa mto Pangani, yuko samaki ambaye habari zake zimeenea ulimwengu mzima. Wataalamu humwita silikanti. Ni samaki mkubwa. Aweza kupata urefu unaokaribia meta mbili, na rangi yake ni ya buluu yenye madoa meupe. Kila mmoja ana mpangilio wake wa madoa, hata mtazamaji aweza kumtambua huyu na yule, kama mchungaji atambuavyo ng'ombe wake kwa mabaka. Mapezi yake yameshikwa na mashina ya nyama, yakafanana na viungo vya mnyama. Hukaa kilindini, katika mapango ya miamba. Nyama yake ina mafuta mengi na hailiki vizuri, kwa hiyo hakuna mvuvi amtafutaye kwa chakula wala kwa soko.

Kwa muda mrefu wataalamu walimjua samaki huyu katika mawe tu, yaani mifupa iliyogeuka mawe, wakasadiki kwamba jamaa zake wote walikwisha kutoweka pamoja na wanyama wakubwa wa kale, zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita. Ikawa mwezi wa Desemba 1938, meli ya uvuvi ilimnasa mmoja katika pwani ya Afrika Kusini, karibu na East London. Bibi Marjorie Courtenay-Latimer, aliyekuwa mtunzaji wa nyumba ya makumbusho ya mji huo, alimwona katika fungu la samaki akatambua kuwa si wa kawaida. Akampelekea habari Bwana J. L. B. Smith, mtaalamu wa samaki, naye akamthibitisha. Iliwachukua miaka 14 kumpata wa pili. Huyo alipatikana Desemba 1952 katika Visiwa vya Komoro, kwa msaada wa nahodha Eric Hunt, mfanya biashara wa baharini aliyekuwa akisafiri kati ya Unguja na visiwa hivyo. Wavuvi wa Komoro hawakustaajabu hata kidogo. Walikuwa wakimjua tangu zamani, na walikuwa na jina lake: gombessa.

Kwa kuwa karibu wote waliopatikana baadaye walitoka Komoro, wataalamu wengi walifanya hukumu kwamba huko ndiko kwao, na kwamba yeyote atakayeonekana katika mwambao wa Afrika ni mpotevu tu aliyechukuliwa na mkondo wa maji. Mwaka 2003 silikanti alinaswa upande wa Kilwa. Kuanzia mwaka 2004 wavuvi wa Tanga nao wakaanza kuwanasa katika nyavu za jarife, zile nyavu zenye matundu makubwa zitegwazo kwa ajili ya papa. Na katika muda wa miezi michache tu walinaswa zaidi ya kumi. Yamkini sababu ni kwamba samaki wa maji ya karibu walikuwa wamepungua, na nyavu zikashushwa kilindini kuliko desturi. Wapotevu hawaji kwa wingi namna hiyo. Ndipo likazuka swali kubwa: je, samaki hawa wa Tanga ni wageni, ama ni wenyeji?

Swali hili, ndugu zangu, si la mchezo. Kama ni wageni kutoka Komoro, basi hata wakivuliwa wote, Komoro italeta wengine. Lakini kama ni wenyeji, wazaao hapo hapo Tanga, basi kila mmoja afaye amepunguza hesabu ya nyumba ambayo haina mletaji mwingine.

Jawabu halikuweza kupatikana kwa macho. Mtu akiwatazama silikanti wa Tanga na wa Komoro wakiwa wamelazwa pamoja, ataona samaki wale wale. Hapo yakatumika maarifa ya urithi. Ndani ya kila chembe hai ya mwili yamo maandishi yatokayo kwa wazazi, ambayo wataalamu huyaita vinasaba. Maandishi hayo hunakiliwa kila mtoto anapopatikana, na mara moja moja hutokea kosa dogo la mwandiko, nalo hurithiwa na wajukuu na vitukuu. Watu wa nyumba moja hushirikiana makosa yale yale. Nyumba mbili zisizooana kwa muda mrefu, kila moja hujikusanyia makosa yake. Mwenye kuyasoma aweza basi kujua nani ni wa nyumba ipi, na hata kukadiria walitengana lini. Iko sehemu moja ya maandishi hayo ipitayo kwa mama peke yake. Sisi Wapare twahesabu ukoo kwa upande wa baba. Wataalamu hawa waliufuata kwanza ukoo wa samaki kwa upande wa mama.

Mwaka 2011 wataalamu wa Kijapani pamoja na wenzao wa Tanzania walitangaza matokeo yao. Walisoma maandishi hayo ya upande wa mama, yote kamili, ya silikanti 21. Wakaona kwamba silikanti wa kusini ya Tanzania ni wa nyumba moja na wale wa Komoro. Lakini wale wa kaskazini, wa Tanga, ni mbari yao wenyewe, iliyotengana na wenzao tangu miaka isiyopungua 200,000. Basi hawa hawakuwa wapotevu. Walikuwako Tanga kabla mtu yeyote hajatia jembe katika milima hii.

Mtauliza, yawezekanaje viumbe waishio katika bahari moja, isiyo na ukuta wala boma, wakae mbalimbali muda mrefu hivyo? Samaki wengi wa mwambao hutoa mayai kwa maelfu, na wachanga wao huchukuliwa na mkondo mbali sana, kwa hiyo damu huchanganyika. Silikanti si hivyo. Yeye huzaa watoto hai, tena wachache. Jike mmoja aliyenaswa Msumbiji mwaka 1991 alikutwa na watoto 26 tumboni. Mtoto wa silikanti huzaliwa mkubwa, akaishi katika mwamba wake. Hachukuliwi na maji kama yai.

Naweza kulieleza jambo hili kwa mfano wetu wenyewe. Wazee wetu walichimba ndiva milimani, wakakusanya maji ya vijito usiku ili wayafungulie mifereji mchana. Ndiva mbili zaweza kuwa katika mlima mmoja, chini ya mvua moja, na mtu akitazama kwa mbali akasema maji ni maji. Lakini mwenye shamba ajua: ndiva yangu ikipasuka, maji ya ndiva yako hayatapanda kilima kuja kwangu. Ndiyo sababu wazee waliweka zamu, na kila ndiva ikawa na watu wake wa kuitunza. Bahari nayo ina ndiva zake, ingawa kingo zake hazionekani. Kazi ya wataalamu wale ilikuwa kutuonyesha kingo.

Na ndiva hii ya Tanga hujaa polepole mno. Mwaka 2021 wataalamu wa Ufaransa walitangaza kwamba wamesoma magamba ya silikanti, ambayo huweka alama ya mwaka hata mwaka kama pete za shina la mti. Waliona kwamba samaki huyu aweza kuishi miaka inayokaribia 100. Jike hapevuki mpaka apate miaka zaidi ya 50. Na mimba yake huchukua kama miaka mitano. Hesabuni wenyewe, maana ninyi mwajua kuhesabu mifugo. Mtamba atakayezaa kwa mara ya kwanza akiwa na umri wa bibi kizee, je, zizi lake likivunjwa leo, litajaa lini? Tena imeonekana kwamba tofauti za urithi baina ya silikanti mmoja na mwingine ni ndogo sana, yaani akiba yao ya kukabili mabadiliko ni haba.

Kwa ajili hiyo Serikali iliweka Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga mwaka 2009. Inaanzia upande wa kaskazini wa mlango wa mto Pangani na kufuata mwambao mpaka ng'ambo ya mji wa Tanga. Sitaficha kwamba masharti ya hifadhi ni mzigo kwa mvuvi. Mtu mwenye jarife moja na watoto sita, ukimwambia asitege mahali alipotega baba yake, umemgusa tumbo. Lakini baruti zilizokuwa zikipigwa katika mwambao ule zilivunja miamba iliyokuwa malisho ya samaki wa kila siku, changu na tasi, na hasara ile ilimrudia mvuvi yule yule. Huyo si adui wa samaki. Ni mtu anayehitaji kuelezwa ndiva yake ina kingo wapi, na kusaidiwa wakati wa kungojea.

Sasa nirudi nyumbani. Nimesema habari ya Tanga kwa kirefu kwa sababu Jipe yetu ina jambo kama lile, nalo liko mikononi mwetu zaidi kuliko la bahari.

Katika Ziwa Jipe na maji ya Pangani yuko perege ambaye haonekani kwa asili mahali pengine popote duniani. Mwaka 1955 mtaalamu wa Kiingereza, Bibi Rosemary Lowe, alimweleza katika maandishi ya elimu na kumpa jina la ziwa letu. Leo huitwa Oreochromis jipe. Nchi nyingine zina milima mirefu na miji mikubwa, lakini perege huyu hazinaye, isipokuwa majirani zetu wa Kenya tunaogawana nao ziwa hilo. Naye sasa ameandikwa katika orodha ya kimataifa miongoni mwa viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Ni nini kilichomfikisha hapo? Nyavu zenye matundu madogo zimo. Udongo utokao mashambani umo, pamoja na matete yaliyolifunika ziwa. Lakini liko jambo la tatu, nalo ndilo linalogusa shauri la leo. Katika mabwawa na mito ya nchi yetu wameingizwa perege wa kutoka mahali pengine, hasa yule tumwitaye sato, aliye mwepesi kukua na mwenye faida sokoni. Mwaka 2019 wataalamu walitangaza uchunguzi wa vinasaba uliofanywa katika bonde la Pangani na katika bonde la Ziwa Viktoria. Katika bonde letu la Pangani walikuta machotara, wazao wa sato na perege wa Jipe, na wengine wa aina nyingine ya kigeni na perege wa Jipe. Walikuta pia kwamba machotara hao hawatambulikani vizuri kwa umbo la mwili wala la kichwa. Mvuvi akimshika mmoja, atasema ni perege tu. Lakini walikuta neno moja la faraja: machotara bado ni wachache, na wenye asili safi ndio wengi. Maana yake, ndugu zangu, mlango haujafungwa bado.

Hapa sina budi kukiri jambo langu mwenyewe. Nilipokuwa kijana niliwahi kubeba perege kwa ndoo kutoka bwawa moja mpaka jingine, safari ya nusu siku, nikibadili maji njiani ili wasife. Nilisifiwa na watu kwa kazi ile, nami nikajiona mfadhili. Sikuuliza walikuwa perege wa aina gani, wala katika bwawa lile walikuwamo wa aina gani kabla yao. Mpaka leo sijui nilichanganya nini na nini. Nilifanya kwa nia njema, lakini nia njema haimrudishi samaki ndani ya ndoo.

Wala msidhani kwamba nasema habari ya samaki tu. Mwaka 1970 wakulima wa Marekani walipoteza kama sehemu 15 katika kila 100 za mahindi yao kwa ugonjwa mmoja wa majani. Mbegu zao zilikuwa nzuri na zenye mavuno mengi. Lakini sehemu kubwa sana ya mashamba ilikuwa imepandwa mbegu zilizorithi kitu kimoja kwa upande wa mama, na ugonjwa ulipopata njia ya kuingia katika mmea mmoja, ulikuwa umepata njia ya kuingia katika yote. Aliyekuwa na mbegu za namna nyingine alivuna. Tofauti katika mbegu, katika ng'ombe na katika samaki ni ghala lisilo na kufuli wala mlinzi, na hatulijui thamani yake mpaka mwaka wa shida. Wazee walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.

Basi nauomba mkutano huu mambo manne.

La kwanza: tusitie samaki wowote wa kutoka mbali katika Ziwa Jipe, wala katika kijito au mfereji wowote uelekeao huko. Mwanachama atakaye kufuga sato, na afuge, maana faida ni ya halali. Lakini bwawa lake lichimbwe mahali ambapo mafuriko hayafiki, na mlango wa kutolea maji uwekwe wavu usiopitisha kifaranga.

La pili: kabla Umoja haujanunua vifaranga, Halmashauri iwaulize maofisa wa uvuvi ni vya aina gani na vimetoka maji gani, na jawabu liandikwe kitabuni kama tuandikavyo asili ya mbegu na ya dawa. Tena tuulize kama perege wetu wenyewe wa Jipe aweza kufugwa. Huenda ndiye anayetufaa kuliko wote.

La tatu: tuushike udongo. Matuta, majani ya kingo, na miti kandokando ya vijito si mambo ya kupendeza macho tu. Kila karai la udongo lishukalo Jipe hupunguza kina cha ziwa ambalo tangu asili halina kina kirefu.

La nne: kila chama kiwe na debe la mbegu za zamani, za mahindi, za maharage na za mtama, zipandwe kila msimu katika kipande kidogo ili zisife. Gharama yake ni ndogo kuliko karamu ya leo.

Waheshimiwa, miaka kumi ni muda mwingi katika maisha ya Umoja. Katika maisha ya silikanti haitoshi hata kumfikisha jike nusu ya njia ya kupevuka. Sisi tulioketi hapa hatutauona mwisho wa mambo haya. Lakini ushirika ni nini, ila kuweka akiba ambayo mwingine naye atakula? Aliyechimba ndiva ya kwanza hakunywesha shamba lake peke yake. Na jina lake limesahauliwa, lakini maji yangali yakipita katika mfereji.

Mwenyezi Mungu aibariki kazi ya mikono yenu, aubariki Umoja wetu, na atupe busara ya kuacha maji ya Jipe yakiwa na wenyewe. Nimekoma hapo.